Umati wa Yeriko haukujua kuwa unabagua



Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ujaribu jambo dogo. Mgeukie mtu aliye karibu nawe, uwe nyumbani au kwenye daladala ukitoka misa ya kwanza, umuulize: je, katika jamii yetu watu wenye ulemavu wanabaguliwa? Akishajibu, muulize la pili: na wewe, unawabagua?

Maswali haya nimeyauliza mara nyingi, katika semina za wanandoa, katika mafungo ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, hata mezani na mapadri wenzangu. Majibu hayabadiliki sana. Kwa swali la kwanza, wengi husema ndiyo, ubaguzi upo, tena mwingi. Kwa swali la pili, karibu wote husema hapana, mimi siwezi.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kama ubaguzi upo, na kila mmoja wetu habagui, anayebagua ni nani? Ukiwabana watu kidogo watakuambia ni wale wa vijijini. Ukienda kijijini watakuambia ni watu wa mjini wasiojuana hata na jirani. Wasomi watasema ni wasiosoma. Wazee watasema ni vijana wa siku hizi, na vijana watasema hayo yalikuwa mambo ya zamani. Ubaguzi umekuwa kama mbuzi aliyeingia shambani: kila mtu ameyaona mazao yaliyoliwa, lakini hakuna anayekubali kuwa mbuzi ni wake.

Leo nataka tumtafute mwenye mbuzi. Na pa kuanzia ni Yeriko.

Kando ya njia

Mwinjili Marko, katika sura ya 10, anatusimulia habari za Bartimayo, mwana wa Timayo. Ni kipofu, ameketi kando ya njia akiomba. Yesu anatoka Yeriko pamoja na wanafunzi wake na umati mkubwa. Bartimayo anaposikia ni nani anayepita, anaanza kupaza sauti, anamwita Yesu Mwana wa Daudi na kumsihi amhurumie. Hapo watu wengi wanamkemea anyamaze.

Tuwaangalie vizuri watu hawa. Si maadui wa Yesu. Marko hasemi kuwa ni Mafarisayo wala askari wa Kirumi. Ni watu wanaotembea na Yesu, wanaompenda, wanaotaka kumsikiliza. Kwa lugha ya leo tungesema ni waumini safi, wenye kadi za jumuiya na bahasha za zaka zilizojazwa hadi Desemba.

Hebu fikiria mwandishi wa habari angekuwapo pale na kuwauliza kama wanambagua Bartimayo. Wangeshangaa. Wangesema: sisi? Huyu tunamfahamu, hata baba yake tunamfahamu. Sadaka tunampa kila tunapopita. Tunachoomba ni utaratibu tu, Mwalimu ana safari ndefu kuelekea Yerusalemu. Na wangekuwa wanasema kweli kuhusu sadaka. Mtu hakai mahali pamoja siku zote akiomba kama hapati kitu.

Tatizo la Yeriko halikuwa chuki. Tatizo lilikuwa kwamba Bartimayo alikwisha kupangiwa mahali pake, na mahali penyewe ni kando ya njia. Akikaa pale kimya na mkono ameunyoosha, kila mtu anampenda. Akitaka kuja njiani wanapopita wengine, akitaka kusema na Yesu kama wengine, anakuwa kero.

Ndugu yangu, hapo ndipo alipo mbuzi wetu. Ubaguzi si lazima uwe chuki. Ubaguzi ni kumpangia mtu mahali pa kukaa bila kumuuliza, kisha kukasirika anapoondoka hapo. Ndiyo maana tunaweza kubagua tukiwa na tabasamu, tena tukiwa tumetoka kusali rozari.

Panga la muuaji si kipimo

Kwa nini basi hatuuoni? Sababu moja ni kwamba tumeuona ubaguzi wa kutisha mno, na macho yetu yamezoea kuutafuta huo peke yake.

Kuanzia takriban mwaka 2007, nchi yetu ilisikika duniani kote kwa habari za aibu: watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Maaskofu walilaani, Serikali ililaani, mahakama zilihukumu. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kwa kura zao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa kuwa mbunge katika nchi hii. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kuelimishana juu ya ualbino. Hata hivyo mwaka 2024 tulilia tena, baada ya mtoto mdogo mwenye ualbino kuuawa mkoani Kagera.

Ukatili huu tumeukemea, na tulifanya vema. Lakini kuna hatari imejificha humo. Panga la muuaji limegeuka kuwa kipimo chetu. Mtu anajipima nalo, anajikuta hajaua wala hajamkata mtu mkono, anajipa alama mia kwa mia. Yote yaliyo chini ya panga hayahesabiki tena kuwa ubaguzi. Yanaitwa utaratibu, yanaitwa bahati mbaya, yanaitwa huruma.

Yahesabu wewe mwenyewe. Konda anayempungia dereva aondoke kwa sababu aliyesimama kituoni ana magongo na atachelewesha safari. Mwenye nyumba ambaye chumba chake kilikuwa wazi asubuhi, lakini mpangaji alipofika akipapasa njia kwa fimbo nyeupe, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Familia inayomwacha mtoto chumba cha uani siku ya wageni, ili asiwasumbue. Ndugu wanaogawana mashamba ya marehemu na kumpa kaka yao asiyeona ahadi kwamba watamtunza, kana kwamba ahadi ina mipaka na hati.

Niongeze na hili, maana watu wenye ulemavu wamenieleza kwa uchungu na wengine hawaliamini: kamati za harusi. Kadi ya mchango hupelekwa kila nyumba ya mtaa, lakini nyumba moja inarukwa. Mwenye nyumba ile anatumia kiti cha magurudumu, ana kazi yake ya kushona viatu na kipato chake. Kamati imemwonea huruma. Kwetu, mtu asiyechangiwa wala kuombwa mchango ni mtu asiyekuwapo. Sisi tunalalamika kadi zimezidi. Yeye anasubiri aletewe moja.

Hesabu benchi za kanisa lako

Sababu ya pili ya kutouona ubaguzi ni kwamba waliobaguliwa hawapo tunapokuwapo.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Kidunia, Shirika la Afya linakadiria watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita. Chukua takwimu ya nchi yetu uipeleke parokiani kwako. Kama misa ya pili ina watu elfu moja, tungetegemea mia moja na zaidi kati yao wawe ni watu wenye ulemavu.

Jumapili ijayo hesabu. Ni kweli ulemavu mwingine hauonekani kwa macho: kuna anayesikia kwa shida, kuna mwenye kifafa, kuna mzee ambaye macho yamefifia. Waondoe hao. Je, unawaona wangapi wa magongo, wa viti, wa fimbo nyeupe, watoto wenye mtindio wa ubongo, viziwi wanaotumia lugha ya alama? Katika makanisa mengi utahesabu na vidole vya mkono mmoja vitabaki.

Wengine wako wapi? Wako nyumbani. Wapo ambao kanisa lina ngazi kumi na mbili mlangoni na hakuna njia ya mteremko. Wapo ambao misa kwao ni sinema isiyo na sauti, midomo inacheza na watu wanasimama na kupiga magoti, na hakuna hata mmoja wa kutafsiri. Wapo akina mama walioacha kuja kwa sababu mtoto wao hutoa sauti wakati wa mageuzo, na safari moja mtu aligeuka akawatazama. Hakusema neno. Alitazama tu, na ikatosha.

Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza kumlaani kiziwi na kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Sheria hii ni ya kale kuliko makanisa yetu yote. Mtaro ulioachwa wazi mbele ya lango la parokia ni kikwazo. Bodaboda zilizoegeshwa kwenye njia ya kuingilia ni kikwazo. Hakuna aliyekusudia, ni kweli. Lakini anayetumbukia mtaroni havunjiki mguu nusu kwa sababu hatukukusudia.

Nchi yetu ina sheria pia. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Msomaji wangu unayeongoza kampuni, shule au hospitali, ikiwa ni pamoja na zile za Kanisa, kesho Jumatatu piga hesabu ya ofisi yako kama ulivyopiga ya benchi.

Huruma inayofunga mdomo

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi kuisema kwa wakristo, kwa sababu inagusa fadhila tunayojivunia. Tunadhani kwamba mwenye huruma hawezi kubagua.

Mwalimu mmoja wa sekondari anayetumia kiti cha magurudumu alinisimulia kisa chake. Alikuwa nje ya kanisa baada ya misa, amevaa suti, akimsubiri mkewe aliyekuwa kwenye kikao cha WAWATA. Mama mmoja akapita, akamwekea shilingi mia tano mapajani, akamwambia Mungu atamsaidia, akaenda zake. Mwalimu yule muda mfupi uliopita alikuwa ametoka kutoa zaka. Aliponisimulia alicheka hadi machozi yakamtoka, na mwishoni sikuwa na hakika tena kama yote yalikuwa ya kicheko.

Yule mama alirudi nyumbani na amani moyoni. Ukimuuliza leo kama anawabagua watu wenye ulemavu, atakuambia: mimi? Mimi huwasaidia! Hakumwona mwalimu, wala mume, wala muumini mwenzake. Aliona kiti, na kiti kikamwambia huyu anaomba.

Huruma ya namna hii ina dalili zake. Tunamsalimia anayesukuma kiti na kumuuliza mgonjwa anaendeleaje, wakati aliyekaa kwenye kiti haumwi na masikio anayo. Tunampa pole mtu aliyekuja kununua nyanya kama sisi. Tunamwita kwa kiungo chake, yule kiguru, yule chongo, wakati jina lake la ubatizo lipo kwenye daftari la parokia. Tunamsamehe kazi zote za jumuiya: asisome somo, asiwe mwenyekiti, asibebe sadaka, akae tu apumzike. Mtu anapumzishwa tangu ujana hadi uzee.

Tunayo pia methali yetu, hujafa hujaumbika. Ni methali ya busara, na imezuia vinywa vingi kucheka. Inatukumbusha kwamba ajali ya bodaboda, kisukari kinachoharibu macho na miguu, au uzee wenyewe, vinaweza kumfikia yeyote. Lakini sikiliza inavyotumika. Mara nyingi tunaitamka mbele ya mtu mwenye ulemavu, huku tukitikisa kichwa, tukimtazama yeye kama onyo letu. Hofu inaweza kunizuia nisimcheke mwenzangu. Haiwezi kunifundisha kuketi naye. Mkristo hamheshimu mwenye ulemavu kwa kuwa huenda kesho yakamfika yeye. Anamheshimu kwa kuwa leo hii mtu yule ameumbwa kwa mfano wa Mungu, amekamilika katika utu wake, hana kilichopungua mbele ya Muumba.

Muulizeni mwenyewe

Lipo swali ambalo wanafunzi wa Yesu walimuuliza katika sura ya 9 ya Yohana, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua aliyetenda dhambi ni nani, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Imepita karibu miaka elfu mbili, na swali lile bado linaulizwa kwenye sebule zetu.

Waulize akina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo. Wengi watakusimulia kwamba baba wa mtoto aliondoka, na neno la mwisho kutoka upande wa mume lilikuwa kwamba katika ukoo wao hakuna mtu wa namna hiyo. Kwa maneno mengine, laana imetoka kwa mwanamke. Ukweli wa madaktari ni mwepesi kuliko laana. Mtoto alichelewa kuzaliwa, akakosa hewa, ubongo ukaumia. Mwingine aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini usikivu ukaondoka. Mwingine alizaliwa na mgongo wazi, na upungufu wa vitamini ya foliki katika siku za mwanzo za mimba ni moja ya sababu zinazojulikana. Mahali panapohitaji mkunga, kliniki na gari la wagonjwa, sisi tumepeleka lawama.

Na kuna namna yetu ya kisasa ya swali lile la zamani. Katika mikutano ya maombezi mtu mwenye magongo anaitwa mbele bila kuombwa ruhusa, anashikwa kichwa, anaamriwa asimame. Asiposimama, anarudi kwenye benchi na mzigo wa pili: sasa anaambiwa hana imani. Mimi naamini Mungu anaponya. Ninachosema ni kwamba Yesu, mbele ya Bartimayo ambaye kila mtu aliona shida yake, aliuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Mwana wa Mungu aliuliza. Sisi tunajuaje bila kuuliza?

Katika sura ile ile ya Yohana kuna jambo ambalo hunifanya nitabasamu. Wakuu wanawahoji wazazi wa yule mtu aliyeponywa. Wazazi wanaogopa kufukuzwa katika sinagogi, wanakwepa, wanasema mtoto wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Walisema hivyo kwa woga. Lakini ni wao peke yao, katika mkutano ule wote, waliotoa ushauri uliotakiwa kutolewa tangu mwanzo. Wanafunzi walikuwa wamejadili juu yake, majirani wamejadili juu yake, Mafarisayo wamejadili juu yake. Alipoulizwa mwenyewe hatimaye, alijibu kwa akili na ujasiri kuliko waliokuwa wakimhoji.

Hapa ndipo hoja yangu ya leo ilipo. Tunapouliza kama katika jamii yetu kuna ubaguzi, tunaulizana sisi kwa sisi, tukipekua mioyo yetu, na mioyo yetu inatujibu vizuri. Huo ni sawa na mwenye deni kujiandikia risiti. Anayejua kama nyumba ina mlango ni yule anayejaribu kuingia. Kama unataka kujua iwapo parokia yako inabagua, usimuulize paroko. Muulize asiyeweza kupanda ngazi zake.

Altare na meza

Kanisa nalo lilijifunza polepole, na si vibaya waamini wakalijua hilo. Kitabu cha Walawi, sura ya 21, kilimzuia mzao wa Haruni mwenye kasoro ya mwili asikaribie kutoa sadaka, ingawa kiliruhusu ale chakula kitakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa bado na kanuni, ya 984, iliyowazuia kupewa daraja wale ambao udhaifu au ulemavu wa mwili ulionekana kuwazuia kuhudumu altareni kwa usalama au kwa staha. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuendelea na kizuizi hicho. Na kanuni yake ya 777 inamwagiza paroko ahakikishe mafundisho ya dini yanawafikia pia wenye ulemavu wa mwili na wa akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Hivyo katekista anapomwambia mama kwamba mtoto wake haelewi, hana haja ya mafundisho, anasema kinyume cha Kanisa lake.

Mungu, kwa upande wake, hakusubiri sheria ibadilike. Kila tunapomaliza rozari kwa Salamu Malkia, tunasali sala ambayo mapokeo ya kale yanaihusisha na Mwenyeheri Herman wa Reichenau, mmonaki Mjerumani wa karne ya 11, ambaye tangu utoto hakuweza kutembea na alisema kwa shida. Padri Cyril Axelrod wa Afrika Kusini alizaliwa kiziwi katika familia ya Kiyahudi, akapewa upadri mwaka 1970, baadaye akapoteza na uwezo wa kuona, na akaendelea kuwahudumia viziwi katika nchi mbalimbali. Papa Fransisko alitumia kiti cha magurudumu hadharani tangu Mei 2022, na sijasikia parokia iliyompangia akae nyuma apumzike. Hapa kwetu Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, ya kwanza nchini, kama vile Waanglikana walivyotangulia na shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Tumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mtoto aliyesoma Tabora akirudi kijijini kwake na kukuta hakuna hata mtu mmoja kigangoni anayejua lugha ya alama, ataungamaje? Tulimpa shule, tukasahau kumpa Kanisa.

Kuna habari moja ya Agano la Kale ambayo naipenda katika jambo hili kuliko zote. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha baba yake zilipofika. Yaya alimnyanyua akakimbia naye, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Si dhambi, si laana. Ni vita na haraka. Miaka mingi baadaye, katika sura ya 9 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, mfalme Daudi anamtafuta. Mefiboshethi anakuja akitetemeka, anajilinganisha na mbwa mfu. Ndivyo alivyokwisha kuzoeshwa kujiona.

Tazama alichofanya Daudi. Hakumpa sadaka. Kwanza alimrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli, haki yake. Kisha akampa nafasi ya kudumu kwenye meza yake, kama mmoja wa wana wa mfalme. Na sura ile inamalizika kwa kutukumbusha kwamba alikuwa mlemavu wa miguu yote miwili. Hakuponywa. Hakuna muujiza katika sura nzima. Kuna hati ya shamba na kiti mezani, na mtu aliyejiona mbwa mfu akawa mtu.

Mwiteni

Turudi Yeriko, mpendwa msomaji, maana kuna jambo tumelibakiza. Bartimayo aliponyamazishwa, alizidi kupaza sauti. Yesu akasimama. Angeweza kumwita yeye mwenyewe, au kumwendea pale alipoketi. Hakufanya hivyo. Aliwaambia wale watu wamwite.

Wale wale. Waliokuwa wakimkemea sekunde chache zilizopita ndio walioagizwa kumwalika. Na wakafanya hivyo: wakamtia moyo, wakamwambia ainuke, anaitwa. Yesu hakuwafukuza wala hakuwahutubia. Aliwapa kazi, na kazi yenyewe ikawaponya. Siku ile Yeriko kulikuwa na uponyaji wa aina mbili, na huo wa umati hatuuhubiri mara nyingi.

Sisi nasi kazi tunayo. Wiki hii, nenda nyumba moja unayoijua, ile inayorukwa. Usiende na sabuni na sukari safari hii. Nenda na swali: ni nini kinakuzuia kuwa pamoja nasi, na ungependa kufanya nini katika jumuiya yetu? Umuulize mwenyewe, si mama yake wala kaka yake. Kama ni kiziwi, mtafute wa kutafsiri au mwandikiane. Kama husema kwa shida, keti, usimmalizie sentensi. Kisha ulichoambiwa kipeleke kwenye kikao cha jumuiya, na kikao kikiahirisha, kipeleke tena kikao kijacho. Anayesubiri njia ya mteremko amesubiri muda mrefu kuliko ajenda yetu.

Na kamati ikikaa kugawa kadi za mchango, mpelekee yake. Akichangia elfu kumi, andika jina lake kwenye orodha kama la wengine.

Nakutakia Jumapili njema.